JE, WAJUA CHUMBA CHA MAHUTUTI KILIANZA VIPI?

Ndugu msomaji, bila shaka umewahi kwenda kumtazama mgonjwa ukaambiwa, "Huyu yuko ICU, haingiliwi ovyo." Je, wajua mambo haya yalianza vipi? Na wajua kwamba kazi kubwa ilifanywa na wanafunzi kama mimi na wewe?

Hebu turudi nyuma kidogo. Zamani mtu alipasuliwa huku ameshikiliwa na wanaume wenye nguvu. Tarehe 16 Oktoba 1846, huko Boston, Marekani, William Morton alimvutisha mgonjwa mvuke wa etha, akapasuliwa uvimbe shingoni bila kusikia maumivu. Habari zikaenea, na fani ya nusu kaputi ikashika mizizi.

Wengi hudhani daktari wa nusu kaputi kazi yake ni kukulaza tu, basi. La! Ukishalala wewe, yeye ndiye anayekesha. Aangalia moyo na pumzi zako, na misuli yako ikilegezwa na dawa, yeye ndiye anayekupumulia.

Sasa twende Denmark. Mwaka 1952 polio iliingia Copenhagen kwa kishindo. Katika Hospitali ya Blegdam, wagonjwa walipooza hadi misuli ya kupumua na kumeza. Kati ya 31 wa mwanzo waliozidiwa hivyo, 27 walikufa. Mashine kubwa ya kupumulia ilikuwa moja tu, na ndogo sita.

Ndipo akaitwa Bjørn Ibsen, daktari wa nusu kaputi aliyeongeza masomo hukohuko Boston. Wenzake walidhani virusi vimeharibu ubongo. Yeye akasema, hapana, hawa wanakufa kwa kukosa pumzi. Tarehe 27 Agosti binti wa miaka 12 alikuwa anakata roho. Akatobolewa koo, akatiwa mpira, Ibsen akaanza kumpulizia hewa kwa kubinya mfuko kwa mkono. Mwanzo hali ilizidi kuwa mbaya. Akamlaza kwa dawa, kifua kikalegea, hewa ikapita. Binti akapona kifo.

Lakini nani atabinya mifuko mchana na usiku, kwa majuma? Wakaitwa wanafunzi wa udaktari. Takriban 1,500 walipokezana zamu. Kuna wakati wagonjwa 70 walipumuliwa kwa mikono kwa pamoja! Fikiria: ukisinzia, mwenzio anakufa. Wengine walikufa hata hivyo, mwanafunzi akiwa kando ya kitanda. Lakini vifo vilipungua, kutoka karibu tisa katika kila kumi hadi karibu robo.

Ibsen akaona kwamba uangalizi wa thieta haufai kuishia thieta. Desemba 1953 akafungua chumba cha mahututi katika hospitali nyingine ya mji huohuo, na ulimwengu ukafuata.

Ewe kijana wa Form Four, hapa Kenya mabingwa wa nusu kaputi bado ni wachache mno. Ukiulizwa wataka kusomea nini, usimtaje daktari wa kupasua peke yake. Mkumbuke na yule anayekesha.