Kupigwa si Kutunguliwa

Habari za vita vya Kongo huwafikia wengi wa Muyinga, Burundi, kwa Kiswahili cha redio, wakiwemo madereva wa malori wanaosubiri kuvuka mpaka wa Kobero. Gitega nako zipo familia zenye vijana jeshini, na Agosti 2022 jeshi la Burundi lilipeleka askari Kivu Kusini. Kwa watu hawa, kitenzi kilichowekwa pasipo pake ni jambo zito.

Tarehe 24 Januari 2023, Rwanda ilirusha kombora dhidi ya ndege ya Kongo aina ya Su-25 karibu na Goma. Kigali ilisema ndege imeingia anga yake. Kinshasa ikasema ilishambuliwa ikiwa kwao, ikijiandaa kutua. Video ilionyesha kombora likilipuka ubavuni, moto ukishika, kisha ndege ikatua na moto ukazimwa. Basi ilirushiwa kombora, tena ikapigwa. Haikutunguliwa. Kutungua ni kukishusha cha juu hadi kije chini, kama embe mtini, na ile ilishuka kwa magurudumu yake.

“Ndege ya kivita” nalo ni jina pana mno. Kirundi kimeliazima neno letu, indege, kikabaki na inyoni kwa kiumbe mwenye mabawa. Sisi hatujatenganisha hata ndege ya kupigana na ndege nyingine na ile ya kushambulia ardhini. Su-25 ni ya kundi la pili, na rubani wake amezungushiwa titani. Anayetangaza kwamba ndege hiyo ni imara, au kombora lile ni dhaifu, amejuaje? Video haimwambii kombora lilipasuka umbali gani, wala ndege ilikuwa na kasi gani.

Na ndege ikianguka kweli? Mwaka 1978, mwanzoni mwa vita vya Kagera, walinzi wa anga wa Tanzania huko Musoma walitungua ndege tatu, nazo zilikuwa za Tanzania. Kitenzi kilikuwa sahihi. Yambwa ndiyo iliyokosewa.

Ninawaomba wahariri waandike “imerushiwa kombora” pakiwa na shahidi wa mlio tu, “imepigwa” madhara yakionekana, na “imetunguliwa” mabaki yakishapatikana na mwenye ndege kujulikana. Kabla ya hapo, jeshi “linadai”.