Gauni Jeusi la Gothiki Masasi na Newala: Kabla Hujasema "Shetani", Cheki Lilikotoka

Msimu wa korosho ukikaribia, simu za mabinti wa Masasi na Newala zinajaa picha za aina moja: gauni jeusi tii, kiuno kimebanwa, mikono inafunguka kama kengele, lesi hadi shingoni, mkia unafagia sakafu. Gothiki. Kila mtaa una yule binti mmoja (jina tunalihifadhi, mwenyewe anajijua) aliyeshaamua kwamba siku ya sendofu yake anaingia nalo ukumbini. Fundi hana tatizo, fundi gani anakataa kazi? Shida iko nyumbani. Shangazi anauliza, "Nyeusi ya nini, nani kafa?" Mama mkubwa anasema hayo ni mambo ya mashetani. Na mjomba, ambaye huku kwetu kusini ndiye mwenye neno, anafunga kikao: mtoto wetu atavaa nyeupe, ndiyo mila yetu.

Heshima kwa mjomba. Ila hapo kwenye "mila yetu" tukae kidogo, maana hiyo mila ina tarehe, na tarehe yenyewe si ya Newala.

Ni tarehe 10 Februari 1840, London. Siku hiyo Malkia Victoria wa Uingereza aliolewa na Albert akiwa kwenye gauni jeupe. Wapo waliovaa nyeupe kabla yake, lakini bibi harusi wengi wa Ulaya walivaa tu gauni lao zuri kuliko yote, liwe la buluu, kahawia au jekundu. Kwenye vijiji vya Ujerumani, nchi iliyokuja kututawala baadaye, bibi harusi wa karne ya 19 kuvaa nyeusi lilikuwa jambo la kawaida kabisa: gauni moja jeusi linaenda harusini, linaenda kanisani, linaenda msibani, miaka nenda rudi. Nyeupe ilikuwa ya mwenye pesa ya kufulisha. Baada ya Victoria ikawa fasheni, na fasheni ikikaa sana inaanza kuitwa mila.

Sasa sikia. Tarehe 14 Desemba 1861 Albert akafariki. Victoria akavaa nyeusi na hakuiacha mpaka alipokufa Januari 1901. Miaka 39! Wanawake wa Uingereza wakamfuata: krepu nyeusi isiyong'aa, kola za kufunika shingo, koseti, vito vya jeti, lile jiwe jeusi la Whitby. Gauni lililoko kwenye simu ya binti yetu ni la zama hizo, wamelichangamsha tu. Kwa hiyo mjomba na binti wanagombania nguo mbili zilizotoka kwenye kabati la mwanamke mmoja.

Na neno gothiki lenyewe? Lilianza kama tusi. Ule ujenzi wa makanisa marefu yenye upinde uliochongoka na vioo vya rangi ulianzia Ufaransa. Sehemu mpya ya kanisa la Saint-Denis, nje kidogo ya Paris, ilizinduliwa mwaka 1144. Karne ya 16 Waitaliano kama Vasari wakayatazama majengo hayo wakayaona ya kishenzi, wakayapachika Wagothi, watu waliokuwa wakilaumiwa kwa kuipora Roma. Hakukuwa na popo wala damu hapo. Mizimu iliingia kwa riwaya, ile ya Horace Walpole ya mwaka 1764 ikitangulia. Wanja mzito na nguo nyeusi za usiku ni za juzi tu: bendi ya Bauhaus ya Uingereza mwaka 1979 ilitoa wimbo mrefu kuhusu Bela Lugosi, mwigizaji wa Dracula ya mwaka 1931, kisha klabu ya Batcave ikafunguliwa London mwaka 1982. Yaani mama mkubwa anaogopa filamu ya 1931.

Kwa anayeshona, hata hivyo, zama tamu ni karne ya 14. Kabla ya hapo nguo nyingi za Ulaya zilikuwa kama kanzu tu, vitambaa vya mstatili vinavyoning'inia. Halafu mafundi wakaanza kukata kufuata mwili. Tundu la bega likakatwa kwa mviringo na mkono ukashonwa humo, vifungo vikapangwa kifuani na kwenye mikono, kamba zikabana kiuno. Ushahidi upo, tena wa kushikika. Mwaka 1921 wachimbaji kutoka Denmark walifukua makaburi ya Herjolfsnes, kusini mwa Greenland, wakakuta nguo za sufu zimehifadhiwa na baridi ya ardhi kwa miaka mia kadhaa. Gauni zimepanuliwa kwa chini kwa vipande vya pembetatu vilivyoingizwa mbele, nyuma na ubavuni. Fundi wa Masasi anayekushonea sketi ya vipande nane anafanya kazi ileile. Na sababu ni ileile: kitambaa ghali. Pembetatu unazipanga moja kichwa juu, moja kichwa chini, unakata bila kubakiza cha kutupa.

Sasa haya mambo ya Ulaya yalifikaje Masasi? Yalifika kwa miguu, na waliotembea walikuwa watu waliowahi kuuzwa.

Soko la watumwa la Zanzibar lilifungwa mwaka 1873. Pale pale sokoni, Mkunazini, misheni ya Kianglikana ya UMCA ikaanza kujenga kanisa lake kubwa, Askofu Edward Steere akisimamia, gothiki ikachanganyika na sura ya pwani. Misheni hiyo ilitokana na hotuba ya Livingstone kule Cambridge mwaka 1857, zama ambazo Waingereza walikuwa wamerukwa na akili kwa gothiki. Bunge lao liliungua mwaka 1834 wakalijenga upya kwa mtindo huo. Pugin, mmoja wa wachoraji wa jengo hilo, hakuishia kwenye mawe. Alichora pia mavazi ya ibada, akairudisha kasula pana ya zamani inayoanguka kwa mikunjo, ambayo hadi leo inaitwa kasula ya gothiki. Ukimwona padri madhabahuni na ile kasula pana, unaangalia nguo ya gothiki. Sijawahi kusikia shangazi akimwambia padri avue.

Mwaka 1876 Steere alipitia Lindi akiwa na kundi la watu waliokombolewa utumwani. Nia ilikuwa kufika Ziwa Nyasa, lakini safari ikaishia Masasi, chini ya yale majabali, na kijiji kikaanza. Victoria wakati huo alikuwa na miaka 15 ndani ya nyeusi.

Walivaa nini? Vitambaa vya watu wa kawaida wa zama hizo vilikuwa viwili. Merikani, pamba isiyo na rangi iliyoletwa Zanzibar na wafanyabiashara wa Marekani (jina si ndilo hilo), na kaniki, yaani pamba iliyochovywa kwenye nili mpaka ikakaribia weusi. Na kaniki pale Zanzibar haikuwa rangi tu. Ilikuwa nguo ya mtumwa na ya mtu wa jembe. Ndiyo maana utumwa ulipofutwa kisheria Zanzibar mwaka 1897, wanawake waliokuwa watumwa waliikimbia wakajitanda kanga za rangi na maua. Mwanamke huru alitaka aonekane kutoka mbali kwamba si wa mtu.

Hapo ndipo ninapouona mzizi wa maneno ya shangazi. Shangazi hajui habari za Dracula. Alichorithi ni aibu ya nguo ya giza, aibu ya "mnatuvaa kama watumwa, mnatuvaa kimaskini", ambayo iliteremka kwa vizazi bila sababu yake. Sababu ilipopotea, ikabaki hofu, na hofu tukaitafutia jina jipya. Waganga kutumia kaniki kumezidi kukoleza. Haya ni maoni yangu, ubishi unaruhusiwa.

Wale wa kijiji cha Masasi hawakupata hata muda wa kupumua. Mwaka 1882 Wangoni walikivamia. Kuna waliouawa na kuna waliochukuliwa mateka, watu waliokwisha kombolewa wakarudi kwenye kamba. Misheni ikahamia Newala, kwa Matola, chifu wa Wayao. Baadaye ikarudi Masasi, na mwaka 1905 Maji Maji ikaichoma. Katikati ya hayo yupo Cecil Majaliwa, Myao aliyeuzwa utotoni, akakombolewa, akasoma Kiungani, Zanzibar. Mwaka 1890 akawa Mwafrika wa kwanza kupewa upadri katika UMCA, na kazi yake kubwa aliifanya Chitangali, nchi hii hii yetu. Wasichana waliokombolewa nao walifundishwa kushona kwenye shule ya misheni pale Mbweni, na wapo waliokuja bara wakiwa wake wa walimu. Majina yao mengi hayatajwi popote tunapopita, lakini sindano walikuja nayo.

Newala kulikuwa na sababu nyingine ya kupenda nguo ya giza, na hii haihusiani na mzungu yeyote. Maji. Uwanda wa Makonde unanyonya mvua yote, juu hakuna mito. Mpaka mabomba yalipoanza kufika miaka ya 1950, mwanamke wa Newala aliteremka bondeni na mtungi, akapanda nao ule mteremko. Sasa umpe huyo nguo nyeupe aifue kila jioni? Kwa mwanamke wa jembe, kaniki ilikuwa akili.

Na kabla hatujasema nyeusi haikuwahi kuwa urembo huku: bibi zetu wa Kimakonde walivaa ndona, kipande cha mpingo kwenye mdomo wa juu, na nyuso zao walizichanja michoro iliyotiwa weusi. Karl Weule, Mjerumani aliyefika Masasi na Newala mwaka 1906 na kamera na mashine ya kunasa sauti, aliyaandika haya yote. Weka pembeni mshangao wake wa kizungu uangalie kazi yenyewe. Wakati London wanachonga jeti nyeusi, Newala wanachonga mpingo. Binti wa leo akiweka kipini mdomoni na lipstiki nyeusi, bibi yake mzaa bibi angemuuliza tu mbona kidogo hivyo.

Kanisa nalo liliwahi kugombana na mambo ya huku likageuka. Jando lilikuwa likiitwa la kishenzi. Vincent Lucas, aliyekuwa askofu wa kwanza wa Masasi tangu 1926 hadi 1944, akaamua kulifanya likawa la Kikristo, lenye sala na baraka, na wenzake wengi wakamshangaa. Mjomba anayekataa gauni leo huenda yeye mwenyewe aliingizwa jando la namna hiyo. Muulizeni taratibu, na chai ikiwepo.

Haya, tushone. Ushauri wangu: msinunue mahameli. Newala jioni ina upepo na ubaridi, utavumilia, lakini Masasi kule chini Novemba hiyo utayeyuka kabla ya keki. Nunua kaniki. Ni pamba, inapumua, bei yake ni ya kibinadamu, na sasa unajua umebeba nini mwilini. Kabla haijaguswa na mkasi iloweke kwenye maji ya chumvi usiku kucha, ifue mara mbili tatu mpaka maji yaache kuchuja, ikauke kivulini, upige pasi. Usipofanya hivyo itasinyaa baada ya kushonwa, na itampaka bwana harusi mikono.

Sehemu ya chini mwambie fundi akate vipande nane kwa ile hesabu ya Herjolfsnes, pembetatu zianzie kiunoni. Ya juu iwe ya Victoria: kola ndefu, vifungo vidogo vingi, mgongo ufungwe kwa kamba badala ya zipu, maana siku ya sherehe ukila utashukuru. Mifupa ya koseti ya dukani haipatikani kirahisi huku. Ile mikanda migumu ya plastiki inayofunga maboksi inafaa sana, ikatwe ncha kwa mviringo na ipitishwe kati ya kaniki na bitana. Mikono ya kengele ishonwe kwa lesi tupu, bila bitana, upepo upite. Na bitana ya gauni zima iwe kanga. Ya bibi kama anayo, iliyochakaa ndiyo laini zaidi. Ukigeuka kucheza, rangi inaonekana kidogo chini ya ule weusi, na shangazi ataiona.

Kitambaa kipelekeni Septemba. Minada ya korosho ikianza, fundi hapokei simu.