Msindikizaji wa Mgonjwa

Huku Chale mgonjwa haendi hospitali peke yake. Lazima apate wa kumsindikiza, na kazi ya huyo mtu si kumshika mkono tu. Ndiye anayejua dirisha la kadi ni lipi na la malipo ni lipi, na daktari akisema "rudi Jumanne" ndiye anayeuliza: Jumanne kufanya nini?

Kazi hiyo niliipata nilipoacha chuo. Niko nyumbani, Kiingereza nasoma, basi bibi akaniambia, "Mjukuu wangu, wewe huna pa kwenda. Twende." Tulianzia zahanati, tukapewa barua ya rufaa, tukazungushwa dirisha hadi dirisha mchana kutwa. Kumbe barua haikuwa na mhuri. Tukarudi magharibi bila dawa.

Tangu siku hiyo nikianza kusoma historia ya afya nchini, naona sheria zetu zimehangaika zaidi na swali moja: nani alipe? Mwaka 1965 serikali iliondoa ada ya shilingi 5 kwa wagonjwa wasiolazwa. Mwaka 1966 ikaja bima ya NHIF. Desemba 1989 ada zikarudi, safari hii kwa jina la kuchangia gharama. Maskini wangeweza kusamehewa, ndiyo, lakini msamaha unaombwa na anayejua kwamba upo. Juni 2013 kujifungua kukawa bure katika hospitali za umma. Mlango ulifungwa, ukafunguliwa. Njia ya ndani, kutoka dirisha hadi dirisha, ikabaki kazi ya jamaa.

Kupotea huko si kwetu tu. Huko Harlem, New York, daktari wa upasuaji Harold Freeman aliona wanawake maskini wakifika na saratani ya matiti imeshakomaa. Mwaka 1990 akaweka watu wa kumshika mgonjwa tangu uvimbe unapogunduliwa mpaka atibiwe, asipotelee katikati. Mwaka 2005 Marekani ikapitisha sheria ya kutoa ruzuku kwa miradi ya wasindikizaji kama hao. Yaani kazi niliyomfanyia bibi bure, kuna nchi iliitungia sheria na kuitengea bajeti.

Kenya nayo ilikuwa na watu wake. Mkakati wa afya ya jamii wa 2006 ulituma wahudumu wa kujitolea majumbani, wengi wao akina mama. Kujitolea ni neno tamu kwa asiyejitolea. Ilichukua hadi tarehe 19 Oktoba 2023, rais alipotia saini Sheria ya Afya ya Msingi, ndipo wahamasishaji wa afya ya jamii wakapata nafasi yao katika sheria. Mwezi mmoja kabla, takriban 100,000 walikuwa wamezinduliwa rasmi, kwa ahadi ya posho ya shilingi 5,000 kwa mwezi: nusu serikali kuu, nusu kaunti.

Posho ikichelewa, anayechelewa ni mgonjwa. Tangu Oktoba 2024, NHIF ilipoipisha SHA, mambo yanataka maelezo: zahanati ni bure ukishajisajili, lakini ukilazwa hospitali kubwa lazima uwe umelipa mchango. Bibi hayo hakuyasikia redioni. Aliambiwa na mama mmoja jirani, mhamasishaji, aliyekaa naye mkekani na simu yake mpaka usajili ukakubali.

Ila kazi ya mama yule ni majumbani. Ukipewa rufaa kutoka Msambweni kwenda Mombasa, ukavuka feri ya Likoni na bahasha mkononi, ng'ambo ile hakuna anayekungoja. Hapo ndipo sheria yetu inapokomea, na hapo ndipo mgonjwa anapomhitaji mtu zaidi.

Bibi ana kliniki Jumanne. Tutaondoka alfajiri. Mhuri nimeshauangalia mara mbili.