Ngamia Barabarani, na Gari Lililopinduka Sweden

Mnyama akichomoza ghafla, dereva wa Turkana, kaskazini mwa Kenya, hukata usukani kulia, kisha kushoto arudi upande wake. Ule mkato wa pili ndio unaopindua magari. Kati ya Lodwar na Namoruputh mnyama huyo ni ngamia au mbuzi. Sweden ni kulungu mkubwa wa misituni, na kwa sababu yake Waswidi wana jaribio la kukwepa lililoitikisa Mercedes-Benz.

Oktoba 1997, mwandishi Robert Collin wa jarida la Teknikens Värld aliendesha A-Class, gari dogo lililokuwa jipya kabisa sokoni, akakata kona mbili. Likapinduka. Kampuni ilibisha kwanza, kisha ikasimamisha uuzaji, ikarekebisha springi na kuweka ESP, mfumo wa kielektroniki wa kulituliza gari, katika kila A-Class. Gari hilo lilikuwa fupi kwa urefu lakini limenyanyuka, kwa kuwa sakafu yake ilikuwa ya tabaka mbili ili injini iteleze chini ya abiria likigongwa mbele. Wahandisi waliwaza sana kugongana, wakawaza kidogo kupinduka.

Onyo lilikuwepo. Mwaka 1988, jarida la Consumer Reports la Marekani liliikataa Suzuki Samurai kwa kosa hilohilo. Baadaye ikaja Ford Explorer: matairi ya Firestone yalibanduka ngozi magari yakiwa kasi, yakapinduka, na zaidi ya watu 200 wakafa kabla na baada ya matairi hayo kurudishwa kiwandani mwaka 2000.

ESP husoma usukani na mzunguko wa gari, kisha hubana breki ya gurudumu moja moja. Marekani iliilazimisha kwa magari mepesi ya modeli ya 2012, Ulaya kwa yote mapya kuanzia 2014. Kenya hupokea mitumba ya hadi miaka 8, kwa hiyo kinga hiyo ilitufikia kwa kuchelewa, jambo linaloniuma. Land Cruiser 70, iliyozinduliwa 1984 na kutegemewa sana Kakuma, hukohuko Turkana, iliundwa miaka mingi bila ESP.

Sasa panda kwenye keria ya paa lake: magunia ya mkaa, mitungi ya maji, mbuzi wamefungwa miguu, vijana wawili wameshikilia kamba. Kila kilo ya juu hupandisha kitovu cha uzito. ESP hutawala breki na injini tu. Upana kati ya magurudumu, unaolizuia gari kupinduka, unabaki uleule.