Kibong'oto: Habari za Hospitali ya Kifua Kikuu katika Kilimanjaro

Katika miteremko ya Kilimanjaro upande wa magharibi, karibu na Sanya Juu, katika wilaya iitwayo sasa Siha, iko hospitali ambayo jina lake limekwenda mbali kuliko ukubwa wa majengo yake. Jina hilo ni Kibong'oto. Kwa miaka mingi mtu aliposikia kwamba fulani amepelekwa Kibong'oto, hakuhitaji kuuliza anaugua nini. Twataka kueleza jinsi hospitali hiyo ilivyoanza na jinsi kazi yake ilivyogeuka, kwa maana ndani ya habari hizo mna swali liwahusulo walimu na wachungaji pia: je, mgonjwa aponywe kwa kutengwa na watu wake, au akiwa katikati yao?

Kwanza na tulitazame jina la maradhi. Kiswahili hakisemi kifua kikubwa, bali chasema kifua kikuu. Neno -kubwa hupima kimo na upana wa kitu. Neno -kuu hupima cheo chake. Mji mkuu si lazima uwe mkubwa kupita miji yote ya nchi, wala Ijumaa Kuu haina saa nyingi kuliko Ijumaa nyingine. Mtu mwenye kikohozi cha siku chache twaweza kusema ana kifua. Lakini maradhi haya yamepewa enzi juu ya maradhi mengine ya kifua, na hofu ya watu imo katika jina lenyewe.

Kibong'oto ilianzishwa mwaka 1926, zamani za utawala wa Waingereza, na Dk. Norman Davies, iwe sanatoriamu, yaani nyumba ya kuwatunzia wagonjwa wa kifua kikuu. Wakati ule kijidudu cha maradhi kilikuwa kimekwisha kujulikana, maana Robert Koch alikitangaza mwaka 1882. Walakini dawa ya kukiua haikuwako. Waganga wa Ulaya walitegemea mambo matatu: hewa safi, mapumziko na chakula chema. Ndiyo sababu walijenga sanatoriamu nyingi milimani, kama zile za Davos katika Uswisi, na hali ya hewa ya Kilimanjaro iliwafaa kwa shauri lilo hilo. Aliyetengwa hakuwaambukiza watu wa nyumbani. Lakini kupona kwake mwenyewe kulikuwa kwa mashaka.

Kwa Mchagga kutengwa huku ni jambo zito. Kihamba si shamba tu. Ndipo ilipo migomba, ndipo ng'ombe afugwapo, ndipo wazee walipozikwa. Mgonjwa hupikiwa mtori na watu wake, na akifa hulazwa katika ardhi yake. Kumwondoa katika kihamba ni kumwondolea haya yote kwa pamoja. Hata hivyo yatupasa kusema kweli kwa pande zote mbili. Nyumba ya kale ya Wachagga ilikuwa msonge ulioezekwa majani hadi chini, na watu, mifugo na moto wa jikoni vilikaa humo pamoja. Kifua kikuu huenea kwa hewa, hasa mahali palipofungwa. Basi ukaribu ule uliomfariji mgonjwa uliweza kuwa ndiyo njia ya kuwaambukiza wanawe.

Ndipo dawa zikapatikana: streptomaisini iligunduliwa mwaka 1943, na isoniazidi ikaanza kutumika mwaka 1952. Mwaka 1959 yakatangazwa matokeo ya uchunguzi uliofanywa Madras katika Uhindi. Wagonjwa wengine walilazwa sanatoriamuni, wengine walipewa dawa zile zile wakakaa kwao, wengi katika nyumba za kimaskini zilizosongamana. Baada ya mwaka mmoja waliokaa nyumbani walikuwa wamepona karibu sawa na waliolazwa, na jamaa zao hawakuambukizwa zaidi. Ikaonekana ya kuwa kilichoponya ni dawa imezwayo bila kukosa, wala si hewa ya mlima. Tangu mwaka 1970 uchunguzi mwingine ulifanywa katika Afrika ya Mashariki, nao ukaonyesha kwamba matibabu yaweza kufupizwa hata miezi sita.

Mwaka 1977 Tanzania ilianzisha mpango wa taifa wa kudhibiti kifua kikuu na ukoma. Aliyeusaidia sana ni Dk. Karel Styblo, mzaliwa wa Czechoslovakia, ambaye mwenyewe aliupata ugonjwa huu alipofungwa katika kambi ya Mauthausen wakati wa vita. Utaratibu wake ulikuwa mwepesi kueleza: makohozi yapimwe kwa hadubini, mgonjwa ameze dawa mbele ya mhudumu, jina lake liandikwe daftarini, na mwisho ijulikane kama amepona, amekufa, au ametoroka. Tangu mwaka 1995 Shirika la Afya Duniani lilieneza njia hii katika mataifa mengi.

Je, Kibong'oto ikawa haina kazi tena? Sivyo. Ukimwi uliwadhoofisha watu, na kifua kikuu kikapata nguvu mpya. Vumbi la migodi ya Mererani liliharibu mapafu ya wachimbaji. Tena vikatokea vijidudu visivyosikia dawa za kawaida. Mwaka 2009 Kibong'oto ilianza kuwatibu wagonjwa wa kifua kikuu sugu, nao wakaja kutoka mbali. Matibabu yalidumu yapata miezi ishirini, pamoja na sindano ambazo huweza kuharibu masikio. Lakini safari hii mgonjwa hakuwekwa mbali na kwao hata mwisho. Baada ya miezi ya kwanza alirudishwa kumalizia dawa katika kituo kilicho karibu naye. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwa wagonjwa wengi wa namna hiyo matibabu ya miezi sita, ya vidonge pasipo sindano.

Basi jibu la swali letu ni kwamba mgonjwa huhitaji yote mawili, kila moja kwa wakati wake. Linalobaki ni aibu, nayo haina kidonge. Mtu akiogopa jina la maradhi hukawia kwenda kupimwa, na akikawia huwaambukiza wale awapendao. Hapo ndipo kazi yetu ilipo. Mwalimu anayo daftari ya mahudhurio, na mchungaji awajua waumini wake kwa majina. Mtoto akikohoa wiki mbili, au mzee akionekana kukonda na kutokwa jasho usiku, asiachiwe hofu yake. Na aongozwe mpaka kituo cha afya, na akirudi aulizwe hali yake, hata miezi ya dawa itimie.