Dawa tarajiwa

Tangu mwaka 2020 habari ya namna moja imekuwa ikijirudia redioni na kwenye simu zetu: akili mnemba imegundua dawa mpya. Mtu wa Iyunga, jijini Mbeya, anayeisikia habari hiyo akiwa ametoka kliniki ya kifua kikuu na bahasha ya vidonge mkononi, mkojo wake ukiwa wa rangi ya chungwa tangu alipoanza kumeza dawa iitwayo rifampisini, ana haki ya kuuliza dawa hiyo mpya iko wapi na itafika lini kwenye dirisha la dawa. Haijafika kwa sababu bado si dawa. Kinachotoka kwenye kompyuta kina jina lake, na kwa Kiswahili jina ninalolitetea ni dawa tarajiwa.

Dawa tarajiwa ni molekuli iliyoonyesha dalili njema, iwe kwenye kompyuta, kwenye mirija ya maabara au kwa wanyama, kiasi cha watafiti kuamua kuisogeza mbele, lakini haijathibitika kwamba inamponya mgonjwa bila kumdhuru. Wapo wanaolibana neno hili zaidi na kulitumia tu kwa molekuli iliyo tayari kuingia mwilini mwa mtu. Sina ugomvi nao. La msingi ni kwamba kinachotarajiwa kinaweza kisije, na hapa mara nyingi hakiji: katika kila dawa tarajiwa kumi zinazofika kwenye majaribio ya binadamu, takriban tisa huishia njiani. Zinazopita huwa zimekula miaka kumi na kuendelea.

Ili kuona akili mnemba inaingilia wapi, tuanze na kile kidonge. Kidonge cha miezi miwili ya kwanza ya matibabu ya kifua kikuu kina dawa nne kwa pamoja: rifampisini, isoniazidi, pirazinamidi na ethambutoli. Rifampisini ilipatikana kutokana na bakteria aliyekuwa kwenye udongo uliookotwa kusini mwa Ufaransa, ikaanza kutumika mwishoni mwa miaka ya 1960. Isoniazidi ina historia ya ajabu zaidi. Wanakemia waliitengeneza mwaka 1912 bila kujua itafaa nini, ikakaa miaka 40, na mwaka 1952 ndipo ilipotangazwa kwamba inatibu kifua kikuu. Molekuli ilikuwapo muda wote huo, na watu waliendelea kufa kwa sababu hakuna aliyekuwa ameijaribu dhidi ya ugonjwa huo.

Molekuli hiyo ni ndogo, ina atomu 17 tu, na mkemia anaweza kuiandikia kompyuta kwa mstari mmoja: NNC(=O)c1ccncc1. N ni naitrojeni, C ni kaboni na O ni oksijeni. Alama ya sawasawa inaonyesha atomu mbili zilizoshikana mara mbili, zile tarakimu 1 mbili ni mahali pete inapofungwa, na atomu za haidrojeni haziandikwi kwa sababu programu inazijaza yenyewe. Chukua maelfu ya mistari kama huo, kila mmoja uwe na jibu pembeni, huu uliua bakteria, huu haukuua, kisha iache kompyuta itafute mpangilio gani wa atomu unaandamana na jibu gani. Huko ndiko kujifunza kwa akili mnemba katika kazi hii. Wengine huiita akili bandia, wengine akili unde. Mashine ni ile ile.

Mfano unaotajwa kuliko yote ni wa Massachusetts, Marekani. Mwaka 2020 watafiti wa chuo cha MIT, wakiongozwa na James Collins na Regina Barzilay, walieleza jinsi walivyoifundisha programu yao kwa molekuli zaidi ya 2,300 zilizokuwa zimepimwa dhidi ya bakteria wa tumboni aitwaye E. coli. Kisha wakaipa orodha ya molekuli kama 6,000 ilizokuwa haijaziona. Programu ikanyooshea kidole molekuli moja iliyowahi kuchunguzwa kwa ajili ya kisukari na kuachwa. Wakaiita halisini. Maabara ikathibitisha kwamba inaua bakteria wengi sugu, akiwamo anayeleta kifua kikuu. Baada ya hapo programu ikachekecha molekuli zaidi ya milioni 100 kwa muda wa siku 3, kazi ambayo hakuna maabara ya mikono ya watu inayoweza hata kuiota.

Naliona hilo kuwa jambo kubwa kweli. Kama chombo hicho kingekuwapo mwaka 1912, labda isoniazidi isingengoja miaka 40. Lakini halisini iliua bakteria kwenye vyombo vya maabara na kwa panya. Ni dawa tarajiwa, na mwandishi wa habari aliyeiita dawa alimpa msikilizaji wake ahadi ambayo watafiti wenyewe hawakuitoa.

Kitenzi nacho kinahitaji uangalifu. Halisini iligunduliwa: ilikuwapo tayari, na faida yake ndiyo iliyoonekana upya. Siku hizi kompyuta inakwenda mbali zaidi, inatunga molekuli ambayo haikuwahi kutengenezwa na mtu. Kazi hiyo imerahisishwa na programu ya AlphaFold, ambayo kufikia mwaka 2022 ilikuwa imekadiria maumbo ya protini zaidi ya milioni 200, na mwaka 2024 ikawapatia Demis Hassabis na John Jumper sehemu ya Tuzo ya Nobeli ya Kemia. Ukilijua umbo la protini ya mdudu, unaweza kutunga molekuli inayoziba pale panapomuuma. Kampuni ya Insilico Medicine ilitumia akili mnemba kuchagua protini ya kulengwa na pia kutunga molekuli ya kuizuia, kwa ajili ya ugonjwa wa mapafu kushupaa. Molekuli hiyo, rentosertibu, ilijaribiwa kwa wagonjwa 71 nchini China, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2025 yalitia moyo. Wagonjwa 71 ni wachache, na kampuni yenyewe inahitaji majaribio makubwa zaidi.

Molekuli ya namna hiyo imebuniwa. Nalipenda neno hili kwa sababu kubuni ni kutunga na pia ni kukisia, na kompyuta inayatenda yote mawili kwa pigo moja. Basi tuseme akili mnemba inabuni dawa tarajiwa, au inazigundua katika orodha ndefu za molekuli. Kugundua dawa kwenyewe hutokea kwingine, na sehemu ya kazi hiyo hufanyika Mbeya.

Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu ina kituo chake jijini humo, safari fupi ya daladala kutoka Iyunga. Kati ya mwaka 2013 na 2014 kituo hicho kilikuwa miongoni mwa vituo 7 vya Tanzania na Afrika Kusini vilivyoendesha jaribio la kutafuta tiba bora ya kifua kikuu. Wagonjwa 365 walishiriki. Waligawanywa katika makundi matano: moja lilimeza vidonge vya kawaida, mengine yalipewa mchanganyiko tofauti. Makundi mawili yalipewa dawa tarajiwa iitwayo SQ109.

SQ109 ilikuwa na kila sifa ya kutarajiwa. Ilichaguliwa kutoka katika molekuli zaidi ya 60,000 zilizotengenezwa kwa kuufuata muundo wa ethambutoli, na maabara ilikuwa imeisifu. Kwa wagonjwa haikuleta faida. Wasimamizi walipoyatazama matokeo ya katikati, kama walivyokuwa wamepanga tangu mwanzo, makundi hayo mawili yakafungwa kupokea washiriki. Kilichong'ara ni rifampisini, dawa ile ile ya zamani, ila kwa dozi ya miligramu 35 kwa kila kilo ya uzito wa mgonjwa badala ya 10 zilizozoeleka. Katika kundi hilo, nusu ya wagonjwa makohozi yao yalikuwa yamekwisha bakteria ndani ya siku 48. Katika kundi la kawaida ilichukua siku 62. Matokeo yalichapishwa mwaka 2017.

Inafaa kuona tarakimu hizo zinapatikanaje, kwa sababu hapo ndipo kasi ya kompyuta inapokutana na kitu isichoweza kukiharakisha. Mgonjwa hupewa kopo lenye kifuniko, akaenda nje penye hewa na kukohoa kutoka kifuani hasa, si kutema mate. Mtaalamu wa maabara huyasafisha makohozi hayo kwa kemikali ili kuua vijidudu vingine, kisha huyaweka kwenye mrija wenye chakula cha bakteria, ndani ya mashine ya joto la mwili. Bakteria wakiwapo hula oksijeni iliyomo, na chini ya mrija hung'aa. Tatizo ni kwamba bakteria wa kifua kikuu ni mvivu wa kuzaa. E. coli hugawanyika kwa dakika 20 hivi mambo yakimwendea vizuri. Huyu wa kifua kikuu huhitaji karibu siku nzima. Kwa hiyo mrija unangojewa hadi siku 42 kabla ya kutamka kwamba hauna kitu. Zidisha kwa wagonjwa 365, kila mmoja akitoa makohozi tena na tena, uone ni kazi ya watu wangapi na umeme wa siku ngapi usiokatika.

Programu iliyochekecha molekuli milioni 100 kwa siku 3 haina njia ya kuuruka mrija huo. Inaweza kupunguza idadi ya dawa tarajiwa mbovu zinazofika pale, na hilo peke yake ni msaada mkubwa: kila SQ109 inayogundulika mapema kuwa haifai ni nafasi ya mgonjwa iliyookolewa. Inaweza pia kuongeza foleni. Zikitungwa dawa tarajiwa nyingi kuliko vituo vyenye uwezo wa kuzipima, zitangoja kwenye makabrasha kama isoniazidi ilivyongoja. Ndiyo maana nasema fedha zinazomiminwa kwenye kompyuta za kampuni za ng'ambo hazina budi kuandamana na fedha za maabara za Mbeya, Moshi na Bagamoyo.

Tena kompyuta inajua yale tu iliyofundishwa. Mwili wa mtu huivunjavunja dawa kwa vimeng'enya vya ini, na vimeng'enya hivyo hutofautiana kwa urithi. Watafiti waliolinganisha Watanzania na Waethiopia waliokuwa wakitumia efavirenzi, dawa ya kufubaza virusi vya UKIMWI, walikuta viwango vyake mwilini vinatofautiana kati ya watu wa nchi hizi mbili, ingawa zote ni za Afrika Mashariki. Programu iliyofundishwa kwa data za Ulaya haiwezi kulikisia hilo. Tiba ya kasoro hiyo imeanza kupatikana barani Afrika: kituo cha H3D cha Chuo Kikuu cha Cape Town, kilichoanzishwa na Kelly Chibale mwaka 2010, kwa kushirikiana na shirika la Ersilia, mwaka 2023 kilichapisha mfumo wa akili mnemba uliofundishwa kwa data za kituo hicho cha Afrika, kwa ajili ya malaria na kifua kikuu.

Sasa nirudi kwenye jina. Kwa nini tarajiwa? Wako wanaosema "dawa mpya", ambalo nimekwisha eleza kosa lake. "Dawa ya majaribio" ni jina zuri kwa ile ambayo watu wanaimeza chini ya uangalizi, lakini haiifai molekuli iliyo bado kwenye kompyuta. "Dawa teule" inasema uchaguzi umekwisha. "Mgombea dawa", nililowahi kulisikia likitamkwa, linaleta picha ya kampeni na halikai vizuri mdomoni. Lipo pia umbo la tarajali, linalofahamika hospitalini kwa daktari tarajali; lakini daktari tarajali amekwisha kufaulu chuo na anawatibu watu, ila chini ya wakubwa wake. Molekuli haijafaulu chochote. Mama mtarajiwa na bwana harusi mtarajiwa tunawaita hivyo kila siku, na kila mzungumzaji wa Kiswahili anaelewa bila kuelezwa kwamba jambo lenyewe halijatimia.

Jina hili lina kazi ya haraka zaidi kuliko ile ya magazetini. Kazi hiyo iko kwenye fomu ya ridhaa, ile karatasi anayosomewa mgonjwa kabla ya kukubali kuingia kwenye utafiti. Akiambiwa "tutakupa dawa mpya", mtu aliyechoka na kikohozi atasikia "iliyo bora", na atatia dole gumba. Aambiwe: "Tunakuomba ushiriki katika kupima dawa tarajiwa. Maabarani iliua bakteria wa kifua kikuu. Hatujui kama itakuponya haraka kuliko vidonge vya kawaida. Unaweza kuacha wakati wowote, na matibabu yako yataendelea."

Mtu aliyesomewa maneno hayo anaweza kuuliza swali la maana: "Nesi, nikipangiwa hiyo, zile dawa nyingine nitaendelea kuzipata?" Katika jaribio lile la Mbeya jibu lilikuwa ndiyo. SQ109 ilichukua nafasi ya ethambutoli tu. Rifampisini, isoniazidi na pirazinamidi zilibaki, na baada ya wiki 12 washiriki wa makundi yote walimalizia kwa wiki 14 za rifampisini na isoniazidi za kawaida.