Jinsi ya kuweka Windows na Linux katika tarakilishi moja

MTU anayetaka kutumia Linux halazimiki kuiaga Windows. Tarakilishi moja yaweza kubeba mifumo miwili ya uendeshaji, kila mmoja ukiwa na sehemu yake katika diski, na mwenyewe akachagua autakao kila aiwashapo mashine.

Haja ya mpangilio huu iliongezeka baada ya Oktoba 14, 2025, siku ambayo kampuni ya Microsoft ilikomesha huduma zake za kawaida kwa Windows 10. Tarakilishi nyingi kuukuu hazitimizi masharti ya Windows 11, hususan lile la kuwa na kifaa cha usalama kiitwacho TPM 2.0. Linux, ambayo kiini chake kilianzishwa na Linus Torvalds wa Finland mwaka 1991, hupatikana bila malipo. Miongoni mwa matoleo yake mashuhuri ni Ubuntu, iliyoasisiwa mwaka 2004 na Mark Shuttleworth, mzaliwa wa Afrika Kusini. Mwenye mashine ya aina hiyo aweza kutumia Linux kwa shughuli za intaneti, na kuibakisha Windows kwa programu chache asizoweza kuziacha.

Tahadhari kabla ya hatari. Kugawa diski ni kazi ambayo kosa moja laweza kufuta picha, hesabu na barua za miaka mingi. Kwa hivyo, nakala za faili zote zihifadhiwe kwanza katika diski ya nje. Iwapo diski imefungwa kwa BitLocker, ufunguo wa kuirejesha, wenye tarakimu 48, unakiliwe mahali pengine, kisha kufuli hiyo iondolewe.

Hatua inayofuata ni kuipunguza sehemu ya Windows kwa kutumia chombo cha Windows chenyewe cha kusimamia diski. Ubuntu huhitaji angalau gigabaiti 25. Nafasi hiyo iachwe tupu. Nafasi nyingine itengwe kwa faili zitakazotumiwa na mifumo yote miwili.

Windows hutangulia, Linux ikafuata. Anayegeuza utaratibu huu aghalabu hujikuta mashine ikiingia Windows moja kwa moja, kana kwamba Linux haipo. Linux inapowekwa ya pili kwa kutumia flashi, huleta programu ya GRUB, ambayo huonyesha orodha ya mifumo wakati wa kuwasha. Mtumiaji achague kuiweka kando ya Windows. Akichagua kufuta diski nzima, Windows na faili zake zitatoweka.

Kuhusu faili, Windows hutumia mpangilio wa NTFS, nayo Ubuntu hutumia ext4. Linux huweza kusoma na kuandika katika NTFS, lakini Windows haiisomi ext4 bila msaada wa programu ya ziada. Ndiyo maana sehemu ya pamoja huhitajika. FAT32 husomwa na mifumo yote, ila haipokei faili moja inayofikia gigabaiti 4, kama vile video ndefu. exFAT haina kikwazo hicho, lakini haiweki kumbukumbu ya mabadiliko ya diski. NTFS huiweka, hivyo hustahimili zaidi umeme unapokatika ghafla.

Lipo jambo ambalo wengi hulisahau. Tangu Windows 8 ya mwaka 2012, Windows ina mbinu ya kuwaka kwa haraka, ambayo kwa hakika huilaza mashine nusu badala ya kuizima kabisa. Linux ikifunguliwa wakati huo, huenda ikakataa kuandika katika sehemu ya pamoja, na ikilazimishwa yaweza kuharibu faili. Mbinu hiyo izimwe katika mipangilio ya umeme ya Windows.

Saa nayo huweza kupotoka. Linux huiweka saa ya mashine kwa majira ya kimataifa, ilhali Windows huichukulia kuwa ya mahali ilipo. Nchini Kenya, Windows itaonekana kuchelewa kwa saa 3. Amri ya "timedatectl set-local-rtc 1" katika Linux hutatua tatizo hilo.

Hatimaye ikumbukwe kuwa sehemu ya pamoja si akiba. Imo katika diski ile ile, na diski ikifa, mifumo yote miwili na faili zake huangamia pamoja. Nakala ya nje ingali kinga ya kweli.